Maswali ya Wasomaji: Kudurusu Upasuaji na Tiba ya Dharura kwa Ajili ya Mtihani wa Kliniki

Barua zilizofika mezani kwa ajili ya toleo hili zimetoka karibu zote kwa watu wanaojiandaa kwa mitihani ya kliniki: wanafunzi wa udaktari wa miaka ya mwisho, intani, na matabibu waliorudi darasani baada ya kufanya kazi kwa muda. Nimechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi, nikazifupisha bila kubadili hoja ya mwandishi. Dozi na takwimu nitakazotaja ni za mtu mzima isipokuwa nitakaposema vinginevyo, nazo ni za kusomea. Mwenye mgonjwa mbele yake afuate mwongozo wa kituo chake na maelekezo ya daktari anayemsimamia.

SWALI: *Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa tano. Nimesoma kitabu cha upasuaji kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na nikiulizwa dalili za ugonjwa wowote ninazitaja bila kusita. Hata hivyo, katika maswali ya kuchagua yanayoanza kwa maelezo ya mgonjwa hubaki na majibu mawili yanayofanana, kisha nachagua lisilo sahihi. Je, nisome kitabu gani zaidi?*

JIBU: Marahaba. Usiongeze kitabu, geuza namna unavyokisoma hicho ulicho nacho. Kitabu huanza na jina la ugonjwa kikateremka hadi kwenye dalili, vipimo na tiba. Mgonjwa huanza na malalamiko, na mtahini humfuata mgonjwa. Tena mara nyingi mtahini haulizi huu ni ugonjwa gani, bali hatua inayofuata ni ipi. Yale majibu mawili yanayokuchanganya kwa kawaida yote ni sahihi kwa ugonjwa huo, ila moja hutangulia jingine, na kinachoamua ni hali ya mgonjwa wakati ule.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 24 mwenye maumivu ya tumbo upande wa kulia chini. Miongoni mwa majibu kuna altrasaundi na kipimo cha mimba. Vyote vitafanyika, lakini kipimo cha mimba hutangulia, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi inaweza kumuua kabla kidole tumbo hakijapasuka, na jibu lake hupatikana kwa dakika chache. Sasa badilisha sentensi moja tu: mwanamke huyo huyo, kipimo kimeonyesha mimba, amepauka, mapigo ya moyo ni 130 na shinikizo la damu ni 80 kwa 50. Hapo kumpeleka kwenye chumba cha picha kusubiri altrasaundi rasmi ni kosa. Anahitaji kanula mbili nene, damu, na chumba cha upasuaji. Ugonjwa ni ule ule, ila jibu limehama. Ukijizoeza kutafuta sentensi inayohamisha jibu, utashangaa ni mara ngapi imefichwa kwenye mapigo ya moyo au kwenye shinikizo la damu, sehemu ambayo wanafunzi wengi huipita kwa macho kama anwani kwenye bahasha.

Kwa hiyo panga upya madaftari yako kwa malalamiko: maumivu ya tumbo, maumivu ya kifua, kutapika damu, kupoteza fahamu, mguu uliovimba, homa baada ya upasuaji. Chini ya kila lalamiko jiulize ni nini kinaweza kumuua mgonjwa huyu ndani ya saa moja, ni nini kinaweza kumpotezea kiungo leo, na ni nini kinaweza kusubiri hadi kesho. Ukifanya hivyo kwa maumivu ya tumbo utaona mambo yanavyojipanga. Mwanamume wa miaka 70 anayepata ghafla maumivu ya ubavuni yanayoelekea mgongoni kisha akazirai, mfikirie kwanza kupasuka kwa mshipa mkuu wa damu tumboni, hata kama maelezo yake yanafanana sana na ya mawe ya figo. Mgonjwa ambaye moyo wake hupiga bila mpangilio, anayelia kwa maumivu makali ilhali tumbo ukiligusa ni laini, mfikirie kuziba kwa mshipa wa damu unaolisha utumbo. Pengo hilo kati ya maumivu na unachokipata mkononi ndilo swali lenyewe. Homa, macho ya manjano na maumivu ya juu kulia, ile dalili tatu ya Charcot, ni maambukizi ya njia za nyongo. Zikiongezeka kushuka kwa shinikizo la damu na kuchanganyikiwa, jibu halitakuwa antibiotiki peke yake, kwa maana usaha ulioko nyuma ya kizuizi lazima ufunguliwe njia.

Kuziba kwa utumbo kunastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiko wanafunzi wazuri hupoteza alama za bure. Wote wanajua maumivu ya kukata na kuachia, kutapika, tumbo kujaa, na kushindwa kupitisha choo wala hewa. Wote wanajua mrija wa puani na maji ya mshipani. Wanachosahau ni kumfunua mgonjwa hadi kwenye kinena na kukagua sehemu zote ambako ngiri hutokea, hasa ngiri ndogo ya juu ya paja kwa mwanamke mzee, ambayo haiumi sana wala haionekani bila kutafutwa. Wanachosahau pia ni kwamba maumivu yaliyokuwa yakija na kuondoka yakigeuka kuwa ya kudumu, na mapigo ya moyo yakapanda pamoja na homa, utumbo umeanza kunyimwa damu, na muda wa kumtazama tu mgonjwa umekwisha.

Usiache magonjwa ya nje ya upasuaji yanayojivika nguo za upasuaji: sukari iliyopanda hadi damu ikawa na asidi, nimonia ya sehemu ya chini ya pafu, na shambulio la moyo la upande wa chini. Watahini hupenda kuyaweka hayo mwishoni mwa karatasi, wakati umechoka.

Kuhusu namna ya kuhifadhi hayo yote, funga kitabu na ujiulize. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walichapisha jaribio ambalo baadhi ya wanafunzi walirudia kusoma maandishi, na wengine wakatakiwa kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, wakawa mbele wale waliojipima. Hii ndiyo sababu kusoma sura ile ile mara ya tatu hukupa faraja usiku na hukuacha mikono mitupu siku ya mtihani. Jibu maswali, sahihisha, andika kwa sentensi moja kwa nini jibu ulilolikataa halikufaa, kisha rudia maswali yale yale baada ya siku kadhaa na tena baada ya wiki kadhaa.

SWALI: *Katika mtihani wa vituo nilikutana na mgonjwa wa ajali ya gari. Nilitaja A, B, C, D na E (njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya ubongo, na kumfunua mgonjwa) kwa mpangilio na kwa haraka, na bado nilipewa alama chache. Mtahini alitaka nini zaidi?*

JIBU: Alitaka kukuona ukifanya. Mtihani wa vituo, yaani OSCE, ambao mtahiniwa hupita kituo baada ya kituo na ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, waliueleza mwaka 1975, ulibuniwa ili kila mtahiniwa apimwe kwa vitendo vile vile na kwa karatasi ile ile ya alama. Karatasi hiyo haina mstari unaosema "ametaja herufi B". Ina mistari inayosema ametazama kifua kinavyopanda, amehesabu pumzi, amegonga na kusikiliza pande zote mbili, amesema alichokipata, amechukua hatua.

Ni vizuri kujua pia mpangilio huo ulitoka wapi, kwa maana asili yake inaeleza mantiki yake. Mwaka 1976 daktari bingwa wa mifupa, James Styner, aliyekuwa akiendesha ndege yake ndogo pamoja na familia yake, alianguka katika jimbo la Nebraska nchini Marekani. Mke wake alifariki na watoto wake watatu kati ya wanne waliumia vibaya. Huduma waliyoipata hospitalini ilimsikitisha kiasi kwamba yeye na wenzake walianzisha mafunzo ya namna ya kumkabili majeruhi katika dakika za kwanza. Kozi ya kwanza ilifanyika mwaka 1978, na mwaka 1980 chuo cha madaktari wapasuaji cha Marekani kikaichukua na kuieneza. Wazo la msingi ni kwamba kinachoua haraka zaidi kitibiwe kwanza, hata kabla ya kujua utambuzi kamili, na kwamba usivuke hatua moja kwenda nyingine huku ukiacha nyuma hatari ambayo hujaitibu.

Sasa tembea nami kituoni. Kabla ya herufi yoyote, tazama kama kuna damu inayobubujika kutoka kwenye kiungo. Kama ipo, bana jeraha au funga mkanda wa kuzuia damu, kisha endelea. Kwenye njia ya hewa, mwite mgonjwa kwa jina. Akijibu kwa sauti safi, njia iko wazi kwa sasa. Akikoroma au akitoa sauti ya maji kooni, vuta maji hayo, sukuma taya mbele, mpe oksijeni, na wakati wote shingo isitikiswe. Mtu aliyeungua ndani ya chumba kilichofungwa, mwenye sauti ya kukwaruza na masizi puani, mwite mtaalamu wa dawa za usingizi mapema, kwa sababu koo litavimba na nafasi ya kupitisha mrija itapotea.

Kwenye upumuaji kuna hali moja ambayo lazima uiweke mahali ambapo hofu haiifikii. Ni hewa inayoingia kati ya pafu na ukuta wa kifua isipate pa kutokea. Mgonjwa anahema kwa shida, upande mmoja haupitishi sauti ya pumzi na ukiugonga unalia kama kitu kitupu, vena za shingo zinaweza kuwa zimejaa, shinikizo la damu linashuka, na bomba la pumzi husogea upande wa pili, ingawa dalili hiyo huchelewa na haifai kusubiriwa. Ukisema "naomba eksirei ya kifua", umepoteza kituo. Tamka utambuzi, toa hewa kwa sindano nene au kwa kutoboa kwa kidole ikiwa una ujuzi huo, kisha weka mrija wa kifuani. Wakati huo huo ikumbuke hali inayofanana nayo, damu iliyojaa kwenye mfuko wa moyo, ambayo Beck aliitambulisha kwa dalili tatu mwaka 1935: shinikizo la chini, vena za shingo zilizojaa na sauti za moyo zilizofifia. Tofauti utaisikia kifuani, kwa sababu hapo pumzi huingia pande zote mbili.

Kwenye mzunguko wa damu, wengi hudanganywa na shinikizo la damu. Mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake, yaani karibu lita moja na nusu kwa mwenye kilo 70, kabla kipimo cha juu cha shinikizo hakijashuka waziwazi. Mapigo ya moyo hupanda mapema, ngozi hupoa, mgonjwa huwa na wasiwasi, na tofauti kati ya kipimo cha juu na cha chini hupungua. Kwa hiyo mtahini akikwambia shinikizo ni 115 kwa 95 na mapigo ni 120, hajakwambia kwamba mgonjwa yuko salama. Itafute damu nje ya mwili, kifuani, tumboni, kwenye nyonga na kwenye mifupa mirefu, hasa ya paja. Chukua sampuli ya kundi la damu na kuoanisha, anza kurudisha damu mapema badala ya kumjaza maji ya chumvi, na utaje asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja kwa damu: gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Utafiti wa CRASH-2 uliochapishwa mwaka 2010, ambao ulihusisha wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba faida iko ndani ya saa 3 tangu kuumia, na baada ya hapo inaweza kudhuru. Mtahini mzuri atakuuliza saa ya ajali. Wewe iulize kabla yake.

Hali ya ubongo hupimwa kwa kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho Teasdale na Jennett walikitoa mwaka 1974. Macho yana alama 4, maneno 5 na mwendo wa viungo 6, na asiyeitikia chochote hupata 3, kamwe si sifuri. Taja sehemu tatu kando kando kabla ya jumla. Mgonjwa anayefungua macho kwa maumivu, anayetoa sauti zisizo maneno, na anayepeleka mkono mahali panapoumizwa ana 2, 2 na 5, jumla 9. Kama angeondoa mkono tu bila kuelekea palipoumizwa angepata 8, na kwa 8 kushuka chini tunahofia kwamba hawezi tena kuilinda njia yake ya hewa. Tazama mboni, na upime sukari, jambo ambalo huchukua sekunde chache na husahaulika kila mwaka.

Mwisho mfunue mgonjwa, mgeuze kwa ushirikiano wa watu wa kutosha, kagua mgongo, kisha mfunike, kwa sababu baridi huharibu ugandaji wa damu. Mtahini akisema hali imebadilika, usiendelee pale ulipokuwa. Rudi kwenye njia ya hewa na uanze upya, kwa sauti, bila kuona haya.

SWALI: *Daktari, namba zimenishinda. Kuna kanuni za majeraha ya moto, alama za kidole tumbo, dozi za adrenalini na mengine mengi. Zipi zikaririwe na zipi ziachwe?*

JIBU: Kariri namba ambayo bila hiyo huwezi kuchukua hatua kitandani. Jedwali la alama ambalo kwenye kazi halisi utalifungua na kulisoma, lijue kwa umbo lake tu. Alama za Alvarado za mwaka 1986 kwa kidole tumbo ni 10 kwa jumla. Elewa kwamba maumivu ya kuguswa upande wa kulia chini na kupanda kwa chembe nyeupe hupewa alama 2 kila moja na mengine yote 1, na ujue kwamba alama ndogo humsaidia daktari kumtoa mgonjwa kwenye orodha ya upasuaji zaidi ya vile alama kubwa inavyothibitisha ugonjwa.

Adrenalini ni kinyume chake, kwa sababu dawa ni moja, dozi ni mbili na njia ni mbili, na kuzichanganya huua. Mgonjwa aliyesimama moyo hupewa miligramu 1 mshipani kila dakika 3 hadi 5, huku kifua kikikandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Mgonjwa mwenye mzio mkali wa ghafla, ambaye moyo wake unapiga, hupewa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja upande wa nje, na hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Antihistamini na steroidi hazichukui nafasi ya sindano hiyo, hata ukiziona zimepangwa kwa kuvutia juu yake kwenye orodha ya majibu.

Majeraha ya moto ni hesabu, na hesabu hujifunzwa kwa kalamu. Tuseme mtu wa kilo 60 ameungua mkono wote wa kulia pamoja na kifua na tumbo kwa mbele. Kwa kanuni ya tisa, inayogawa mwili wa mtu mzima katika sehemu za asilimia 9 au mara mbili yake, mkono ni asilimia 9 na sehemu ya mbele ya kiwiliwili ni 18, jumla 27. Ngozi iliyokuwa nyekundu tu bila malengelenge haihesabiwi. Kwa kanuni ya Parkland, ya kukadiria maji ya mshipani, unazidisha mililita 4 kwa kilo 60 kwa 27, unapata mililita 6,480 za saa 24, na nusu yake, mililita 3,240, iingie katika saa 8 za kwanza. Hapa ndipo mtego ulipo, kwa sababu saa hizo zinahesabiwa tangu alipoungua. Akifika baada ya saa 2, zimebaki saa 6, na kasi ni mililita 540 kwa saa. Miongozo ya karibuni ya majeruhi huanza na mililita 2 badala ya 4 kwa mtu mzima, na kasi ingekuwa 270. Vyovyote utakavyoanza, namba hiyo ni ya kuanzia tu. Baada ya hapo anayekuongoza ni mkojo, ambao kwa mtu mzima tunalenga mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa, yaani 30 kwa mgonjwa wetu, na kwa mtoto mililita 1 kwa kila kilo. Mtahiniwa anayepata 540 sawasawa kisha akasahau kuweka katheta ya kupimia mkojo amejibu nusu ya swali.

SWALI: *Nitajuaje ni lini nisubiri kipimo na ni lini nisisubiri?*

JIBU: Linganisha muda wa kipimo na muda wa kiungo. Korodani iliyojisokota ina nafasi nzuri ya kuokolewa ikifunguliwa ndani ya takriban saa 6, kwa hiyo kijana mwenye maumivu ya ghafla, korodani iliyopanda juu na isiyojikunja paja linapopapaswa kwa ndani, aende chumba cha upasuaji bila kusubiri altrasaundi. Na kila mvulana anayelalamika tumbo la chini akaguliwe huko pia, kwa kuwa wengi huona haya kusema. Mguu uliovunjika ukafungwa plasta, kisha maumivu yakazidi dawa zote na yakawa makali zaidi unapovinyoosha vidole vyake, umepandwa na shinikizo ndani ya misuli: pasua plasta yote hadi kwenye ngozi, mwite daktari wa upasuaji. Kuwepo kwa mapigo ya mshipa mguuni hakukuhakikishii chochote, kwa sababu hupotea mwisho kabisa. Mgonjwa mwenye maambukizi makali yaliyoshusha shinikizo, chukua damu ya kuotesha vijidudu kisha mpe antibiotiki ndani ya saa moja. Majibu ya maabara yatakukuta njiani.

Kinyume chake, mgonjwa aliye tulivu mwenye maumivu yasiyoeleweka ana haki ya kuchunguzwa tena baada ya saa chache na mkono ule ule. Jibu la "kumtazama na kurudia uchunguzi" huogopwa na watahiniwa kwa sababu linafanana na uvivu, lakini mara nyingi ndilo sahihi.

SWALI: *Kikundi chetu cha kujisomea kimegawanyika. Wengine wanasema sindano ya kutoa hewa kifuani huchomwa nafasi ya pili kati ya mbavu, wengine nafasi ya tano. Nani yuko sahihi?*

JIBU: Nyote mmesoma, ila vitabu vyenu vina umri tofauti. Mafundisho ya zamani yaliweka sindano nafasi ya pili kwenye mstari wa katikati ya mtulinga. Toleo la 10 la mafunzo ya majeruhi niliyoyataja juu, la mwaka 2018, lilihamishia kwa mtu mzima nafasi ya nne au ya tano, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, kwa kuwa ukuta wa kifua huko mara nyingi ni mwembamba na sindano ina uwezekano mkubwa wa kufika. Kwa mtoto ilibaki nafasi ya pili. Jibuni kwa mwongozo ambao chuo chenu kimeutaja kwenye mtaala, na katika mtihani wa mdomo semeni mahali mnapochoma na sababu yake. Maswali ya miaka iliyopita ni mazuri kwa mazoezi, mradi majibu yake yakaguliwe kwa mwongozo wa sasa.

SWALI: *Mimi ni tabibu, nimefanya kazi miaka mingi na sasa ninasomea shahada. Wodini ninaaminiwa, lakini watahini wananiambia naruka hatua. Je, uzoefu umekuwa kikwazo?*

JIBU: Uzoefu wako ni mtaji, ila umekufundisha kufikiri kimya. Unamtazama mgonjwa kutoka mlangoni na tayari umekwisha kujua, na mkono wako umeshafika kwenye kanula kabla mtahini hajasikia neno. Yeye hawezi kukupa alama kwa kitu ambacho hakukiona wala kukisikia. Jizoeze kusema kila unachofanya mbele ya mwenzako mwenye karatasi ya alama, ikiwa ni pamoja na mambo ambayo kazini hufanywa na wengine: kuthibitisha jina la mgonjwa, kuomba ridhaa kwa kumweleza faida, hatari na njia mbadala, kuuliza mzio, kuuliza alikula lini.

Kituo cha usalama wa upasuaji huwashinda wazoefu kwa namna hiyo hiyo. Orodha ya usalama ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008 ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Usiikariri kama shairi. Kumbuka kila kituo kinazuia nini: cha kwanza kinazuia mgonjwa asiye sahihi, mzio usiojulikana na njia ya hewa ngumu, cha pili upande usio sahihi na antibiotiki iliyosahaulika, cha tatu kitambaa kilichobaki tumboni na sampuli isiyo na jina. Ukijua hatari, maswali yatakuja yenyewe.

SWALI: *Nikiingia kituoni nikakuta akili yangu tupu kabisa, nianzie wapi?*

JIBU: Nawa mikono, jitambulishe, na umuulize mgonjwa anaitwa nani na nini kimempata. Akikujibu kwa sentensi kamili na yenye maana, umekwisha kujua kwamba njia ya hewa iko wazi, pumzi zinamtosha kuzungumza na ubongo unapata damu. Sema hivyo kwa sauti. Huku akiongea, shika mkono wake: una joto la ngozi na mapigo ya moyo. Hesabu pumzi, omba shinikizo la damu, oksijeni ya damu, joto na sukari. Asipojibu, ita msaada na ukague pumzi na mapigo kwa muda usiozidi sekunde 10. Ukiwa bado hujaujua ugonjwa, taja hali unayoihofia zaidi na utakachofanya kuithibitisha au kuiondoa, wala usitupe jina la ugonjwa kwa kubahatisha ili tu kujaza ukimya.